Yaya ananilipia masomo kwa kobalti, profesa anataka uchimbaji huo upigwe marufuku. Niandike nini?

Mama Mshauri, salamu sana kutoka Lubumbashi.

Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa pili wa lisansi katika idara ya Kiingereza. Muhula huu tuna somo la kuandika insha ya hoja na ya utafiti. Travai ya mwisho ni insha ya maneno 1,500 yenye vyanzo visivyopungua sita, kwa mtindo wa MLA (moja ya kanuni za kutaja vyanzo), na inabeba nusu ya pointi za somo zima. Zimebaki wiki tano.

Nilichagua kuandika juu ya kobalti, madini ya kutengenezea betri. Rasimu ya kwanza ilirudi na pointi 8 kwa 20 na maneno matatu ya profesa. La kwanza: "Wewe mwenyewe unasema nini?" Nilishangaa, maana nilifuata njia tuliyofundishwa sekondari kwa Kifaransa: unaeleza wazo la upande mmoja, kisha la upande wa pili, halafu unayakutanisha mwishoni. La pili: alipiga mstari chini ya aya mbili na kuandika kwamba ni za watu wengine. Mama, nilibadilisha maneno karibu yote! Na aya moja ilitoka kwenye maandishi ya Kifaransa, nikaitafsiri mwenyewe. Itakuwaje tena ya mtu mwingine? La tatu: mada ni pana mno.

Hayo pengine ningeyarekebisha. Linalonisumbua zaidi ni jingine. Profesa amesema darasani mara nyingi kwamba uchimbaji wa mikono ungepaswa kupigwa marufuku kabisa, kwa sababu ya watoto mashimoni na udongo unaofukia watu. Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ni mchimbaji huko Kolwezi, na ndiye anayelipa minervali yangu. Mimi nataka kuandika kwamba wachimbaji wasifukuzwe, wapewe maeneo halali na ulinzi. Lakini kumpinga profesa kwa maandishi naona ni kukosa heshima, na pointi ziko mkononi mwake. Rafiki mmoja ananiambia niandike anachopenda kusikia, nipate 14, nipite. Mwingine anasema nibadilishe mada, niandike juu ya simu darasani. Na kuna kijana kwenye kibanda cha fotokopi anayeuza insha zilizokwisha kuandikwa, dola 20.

Tena nataka kutumia maneno ya yaya. Amenieleza mengi kwa simu, hata kwamba siku nyingine wanaingia usiku ndani ya eneo la kampuni. Baba amesikia, akasema mambo ya nyumbani hayaandikwi.

Mwisho najiuliza kama sisi tuliosoma kwa Kifaransa na kuzungumza Kiswahili tuna akili inayofaa uandishi huu wa kukata neno tangu mwanzo. Nisaidie, Mama.

Mdogo wa Mchimbaji, Katuba

JIBU

Mwanangu, salamu nimezipokea, na barua yako nimeisoma kwa makini. Ndani yake kuna maswali matatu yaliyoshikana: unaruhusiwa kusimama upande gani, maneno ya nani ni yako, na maisha ya yaya yaingie kiasi gani kwenye kazi ya shule. Naona yanakulemea kwa sababu yamekuja pamoja. Tuyatenganishe.

Nianze na lile la mwisho, la akili zetu, kwa kuwa limekaa chini ya mengine yote. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Kaplan, alichora michoro ya jinsi watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga mawazo: Kiingereza mstari ulionyooka, lugha za jamii ya Kifaransa mstari unaopinda huku na huko. Michoro hiyo ilipendwa sana, kisha ikakosolewa sana, na baadaye yeye mwenyewe akailegeza. Kilichobaki ni jambo dogo zaidi na la maana zaidi: kila shule ina desturi yake ya kupanga insha, na desturi hufundishika. Ile uliyoipata sekondari humwacha msomaji asubiri msimamo hadi mwisho. Somo lako la sasa linautaka mwishoni mwa aya ya kwanza. Mawazo yanayohitajika ni yale yale, mpangilio ndio unaobadilika. Na kule kujua kusikiliza upande wa pili, ambako umekuwa nako tangu sekondari, ni mali utakayoihitaji sana katika insha hii.

Sasa msimamo. Unasema unataka kumpinga profesa. Je, ni kweli? Yeye anahofia watoto na udongo unaofukia watu. Wewe, dada wa mchimbaji, huhofii hayo hayo? Mnaachana pahali pembamba: yeye anaona marufuku itayamaliza, wewe unaona haitayamaliza. Tazama sentensi ya msimamo inavyoweza kulibeba hilo, ambayo ungeiandika kwa Kiingereza chako: Ingawa uchimbaji wa mikono umeleta vifo na kuwaingiza watoto kazini, serikali isiupige marufuku katika jimbo la Lualaba bali ifungue maeneo halali zaidi, kwa sababu marufuku huwasukuma wachimbaji kwenye mashimo ya usiku yasiyokaguliwa na mtu. Ina sehemu tatu: unachokubali, unachodai, na sababu. Neno "Lualaba" limepunguza upana wa mada. Neno "ingawa" limeipa hofu ya profesa heshima yake tangu mstari wa kwanza. Kipimo cha sentensi ya namna hii ni kimoja tu: mtu mwenye akili na nia njema aweze kuikataa. "Kobalti ni muhimu kwa Kongo" hakuna wa kuikataa, na ndiyo maana rasimu ya kwanza iliulizwa wewe unasema nini.

Lakini angalia hatari yake. Ukishaandika "kwa sababu", umejifunga kuthibitisha. Mwaka 1958 Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza, alionyesha kwamba hoja ina dai, ina ushahidi, na kati yake kuna kanuni inayouruhusu ushahidi ule kulishika dai lile. Mara nyingi kanuni hiyo haisemwi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupoteza pointi bila kujua kwa nini. Ukiandika: wachimbaji wanalisha familia nyingi, kwa hiyo wasifukuzwe, kanuni iliyojificha ni kwamba kazi inayolisha watu isikatazwe hata ikiua. Je, unaikubali hiyo? Profesa hataikubali, na ana haki. Kanuni unayoweza kuitetea ni nyingine: sheria ihukumiwe kwa inachosababisha, si kwa inachokusudia. Iandike waziwazi, sentensi moja, katika aya ya hoja yako kubwa.

Ushahidi wa kanuni hiyo upo nchini mwetu. Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, na katazo likaondolewa Machi 2011. Tafuta watafiti walioandika juu ya miezi ile: nani aliacha kuchimba kweli, nani aliendelea kwa siri, nyumba ziliishi kwa nini. Kisha uwe mkweli kuhusu mipaka ya mfano huo. Kule ilikuwa dhahabu, bati na koltani, na kulikuwa na vikundi vyenye silaha. Lualaba ni kobalti, na makampuni makubwa yamepakana na wachimbaji. Kuyasema haya wewe mwenyewe kabla profesa hajayasema kunaipa hoja nguvu kuliko kuongeza mfano wa pili. Tena usitafute wale tu wanaokuunga mkono. Ukikuta mtafiti aliyeona kwamba katazo lilisaidia, muweke ndani.

Hapo ndipo penye jibu la hofu yako ya heshima, angalau sehemu yake. Insha ya hoja humpa mpinzani nafasi ya kusema vizuri. Tenga maneno 250 hivi kwa upande wa pili, uyaandike kwa namna ambayo anayeushika upande huo angesoma na kusema, ndiyo, hivyo ndivyo ninavyofikiri. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya mwaka 2016 juu ya kobalti ya Kongo na kazi za watoto itakupa hofu hiyo ikiwa na ushahidi wake. Jibu ripoti na vitabu. Usimtaje profesa, wala usinukuu maneno aliyoyasema darasani. Halafu, ukiijibu, kubali kinachokubalika kabla ya kusema "lakini". Mtu aliyefanyiwa hivyo ni vigumu aone amedharauliwa. Siwezi kukuahidi kwamba hataona hivyo. Wapo walimu ambao msimamo huwauma.

Je, ukiandika anachotaka kusikia? Inawezekana kabisa, wala si dhambi kutetea wazo usilolishika. Ni zoezi zuri. Ila jiulize swali la kazi: utajaza maneno 1,500 kwa ushahidi, au kwa sentensi alizozisema yeye? Profesa anayeijua hoja vizuri ndiye anayeona upesi mahali ilipokosa miguu. Mada ya simu darasani ni salama kwa yaya na kwa profesa, lakini imeandikwa na wanafunzi wengi mno, na utapata shida kusema jambo ambalo hajalisoma. Ipo njia ya katikati ambayo hukuitaja: bado kobalti, lakini swali jingine. Kwa mfano, sheria ya madini ya mwaka 2018 inataka mchimbaji awe na kadi na awe ndani ya ushirika. Je, sharti la ushirika linawalinda wachimbaji au linawapa wengine nafasi ya kula jasho lao? Au kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2019, Entreprise Générale du Cobalt, ilistahili kupewa haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji au haikustahili? Humo mnaweza msigongane na profesa hata kidogo.

Kwa kijana wa dola 20 sitakaa sana. Insha yake imeshauzwa kwa wengine, haitakuwa na majibu ya maneno matatu aliyoyaandika profesa kwenye rasimu yako, na ukiulizwa chanzo kimoja kinasema nini, utanyamaza.

Zile aya mbili zilizopigwa mstari nataka tuziangalie kwa utulivu, kwa sababu nakuamini uliposema ulibadilisha maneno. Tatizo ni kwamba ulibadilisha maneno ukaacha mifupa. Sentensi ikibaki na mpangilio ule ule, na mawazo yakifuatana vile vile, Kiingereza cha chuo kinaihesabu kuwa ya mwenyewe aliyeiandika, hata neno likigeuzwa moja moja. Na ile ya Kifaransa: kutafsiri hakuhamishi umiliki. Wazo lililovuka kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza bado lina baba yake, na jina lake litajwe. Mtego huu huwanasa hasa wanafunzi wetu, maana sheria na ripoti nyingi tunazozitegemea ziko kwa Kifaransa, na jasho la kutafsiri humfanya mtu aone kazi ni yake.

Fanya hivi. Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Kushoto nakili maneno ya chanzo yenyewe ndani ya alama za kunukuu, pamoja na jina la mwandishi na namba ya ukurasa, palepale, si baadaye. Kulia andika unachofikiri wewe. Ukitaka kueleza wazo kwa maneno yako, soma mara mbili, funga, mweleze mtu kwa Kiswahili kana kwamba yuko mezani, kisha andika kwa Kiingereza ulichokisema kwa Kiswahili. Ndipo ufungue chanzo na kulinganisha. Ukikuta maneno matatu au manne yamefuatana sawasawa na si majina wala istilahi, yaweke ndani ya alama za kunukuu au andika upya. Kwa mtindo wa MLA, mwisho wa sentensi weka kwenye mabano jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa, bila koma kati yake na bila mwaka. Mwaka unakaa kwenye orodha ya mwisho. Mabano yenye mwaka ni ya mtindo mwingine, APA, na kuchanganya mitindo miwili huonekana haraka. Ukieleza wazo kwa maneno yako, mabano yanabaki vile vile. Wengi hudhani ni ya nukuu peke yake.

Vyanzo sita vitapatikana. Sheria yenyewe ya madini, ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho ya 2018 iko bure kwenye intaneti. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, hutoa kila mwaka kurasa mbili kuhusu kobalti ya dunia. Humo utaona kwamba Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70. Kwa makala za watafiti, andika kwenye Google Scholar maneno machache ndani ya alama za kunukuu, kisha chini ya kila makala fungua sehemu ya matoleo mengine, maana mara nyingi moja kati yake ni faili ya bure. Orodha ya DOAJ ina majarida yasiyolipiwa. Pakua yote siku moja ukiwa mahali penye intaneti nzuri, usome nyumbani, usile data kwa kufungua na kufunga. Na kama utatumia programu ya akili bandia kutafuta, hakikisha kila kichwa na kila mwandishi vipo kweli, kwa sababu programu hizo hubuni makala zisizowahi kuandikwa na kuzipa majina ya kuaminika.

Utakapofika kwenye sehemu ya wachimbaji katika kobalti yote ya nchi, utakuta vyanzo havikubaliani: kimoja kitasema asilimia 10, kingine 30. Usichague inayokupendeza. Andika kwamba makadirio hutofautiana kwa mwaka na kwa namna ya kuhesabu, taja mawili na nani aliyeyatoa. Kwa kila chanzo jiulize pia nani alilipa kiandikwe. Ripoti ya kampuni juu ya mgodi wake yaweza kuwa ya kweli na bado imenyamazia jambo.

Tuje kwa yaya. Ukweli wake una thamani, na pia una mpaka: unathibitisha kilichotokea kwake na kwa wenzake, hauthibitishi Lualaba nzima. Kwa hiyo ushuhuda wake hautoshi kuwa nguzo. Unafaa baada ya utafiti, kumwonyesha msomaji maana ya takwimu. Lakini kabla ya hapo kuna neno ulilolipitia haraka mno: wanaingia usiku ndani ya eneo la kampuni. Hilo linaweza kumletea yaya matatizo. Kuficha jina hakutoshi, kwa sababu jina lako liko juu ya insha, na darasani wanajua una kaka Kolwezi. Mpigie umwambie waziwazi unaandika nini, nani atasoma, na kwamba anaweza kukataa leo au hata wiki ijayo. Akikubali, msomee kwa Kiswahili sentensi zake kabla hujazitoa mkononi. Baba naye usimwone kama anakuzuia tu. Huenda ameliona hilo kabla yako. Na kama jibu ni hapana, insha haifi. Watafiti wamewahoji wachimbaji wengi na kuchapisha maneno yao kwa ruhusa, na jaribio la Mutoshi karibu na Kolwezi, ambapo wachimbaji waliwekwa ndani ya eneo lenye ulinzi hadi liliposimama mwaka 2020, limeandikwa kwa marefu. Ujuzi uliopewa na yaya utakusaidia hata usipomnukuu, kwa kukuonyesha swali gani la kuuliza na ripoti ipi inasema mambo yasiyowezekana shimoni.

Kwa wiki tano, mbili za kwanza ziwe za kusoma na daftari, bila kuandika aya hata moja. Ya tatu rasimu. Ya nne, chukua rasimu na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno yasiyozidi kumi inasema nini. Aya isiyoweza kufupishwa hivyo ina mambo mawili, ivunje. Aya mbili zenye muhtasari mmoja, ziunganishe. Ukisoma pembeni peke yake kutoka juu hadi chini, unapaswa kuisikia hoja yako yote. Kiingereza chenyewe, vitenzi na vituo, kiachie wiki ya tano. Kukisafisha mapema ni kusafisha sentensi utakazozifuta.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa profesa wiki hii, ukiwa na ukurasa mmoja tu: swali lako, sentensi ya msimamo, vyanzo vitatu, na hoja moja nzito inayokupinga. Usimuulize kama anakubaliana nawe, maana hapo unamlazimisha kuchagua upande. Swali linaloweza kukupa jibu la kweli ni kama hili: "Profesa, ningependa kujua kama msimamo huu unaweza kuthibitishwa kwa maneno 1,500, na ni ushahidi gani ungeutaka kabla ya kuukubali." Muulize pia pointi zinagawanywaje kati ya msimamo, vyanzo, upande wa pili na lugha, na kama vyanzo vya Kifaransa vinahesabiwa katika vile sita. Andika majibu yake mbele yake. Akikuambia unakosa ushahidi fulani, amekupa kazi ya wiki mbili. Akikasirikia mada yenyewe, utakuwa umejua mapema, na swali la ushirika au la kampuni ya serikali litakuwa bado liko wazi kwako, vyanzo vyako vingi vikiwa vile vile.